Wiki Sita za Pamba Masikioni

Daktari wa masikio aliniweka ndani ya kichumba kilichozibwa kuta zake kwa sponji, akanivisha hedifoni, akanipa kitufe.

"Nnyabo, mama, ukisikia mlio, bonyeza. Hata ukiwa mudogo namna gani, wewe bonyeza tu."

Akafunga mlango, akakaa nje nyuma ya kioo. Mlio wa kwanza niliusikia vizuri. Wa pili pia. Wa tatu ulikuwa mwembamba kama uzi, na baada ya huo, nasema kweli, sikusikia kitu. Lakini nimepiga gitaa la besi kwa miaka kumi na tisa, na kazi ya mtu wa besi ni kujua jambo litatokea lini kabla halijatokea. Yule daktari alikuwa na mwendo wake: mlio, mapigo matatu ya kimya, mlio, mapigo matatu tena. Nikahesabu kwa kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu, nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nilijiona mjanja mno. Nilikipiga kile kitufe kama ninavyopiga rumba, bila kuacha pigo hata moja.

Mlango ukafunguliwa. Daktari aliinama mpaka nikaiona midomo yake vizuri.

"Nnyabo, hizo sita za mwisho mimi sikupiga. Nilikuwa naweka sahihi kwa karatasi."

Tukacheka wote wawili. Kisha mimi nikaacha kucheka.

Aliniambia kwamba sauti za juu zimeniondoka, sikio la kushoto zaidi ya la kulia, na hazitarudi. Zilizobaki zingeweza kulindwa. Nikae wiki sita bila bendi, niweke vizibo popote penye kelele, halafu nirudi apime aone kama ubovu umetulia au bado unatambaa. Akikuta umetulia, ningeweza kupiga tena kwa uangalifu, lakini kwa sharti moja: watu ninaopiga nao waambiwe.

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Wapiga besi ni wengi mjini hapa, na wengi wao ni wanaume ambao tangu siku ya kwanza wamekuwa wakiniuliza gitaa ni la mume wangu au la kaka yangu. Mwanamke mpiga besi akitamka tu kwamba hasikii vizuri, Jumapili inayofuata atakuta mtu mwingine amesimama mahali pake. Bendi yetu hupiga kila Jumapili alasiri katika bustani ya mkahawa mmoja hapa Bugolobi, Kampala. Nje ya bendi ile sijui kitu kingine ninachokifanya vizuri. Kwa hiyo nilimwandikia kiongozi wetu ujumbe, maana kwa simu siku hizi nasikia nusunusu, nikamwambia baba yangu ni mgonjwa sana na naomba wiki sita za kumuuguza.

Baba wakati huo alikuwa barazani anakula gonja, ndizi tamu ya kuchoma, mzima kama chuma.

Tunaishi pamoja, mimi na yeye, ghorofa ya tatu. Alikuwa polisi, na huko polisi alikuwa mtu wa bendi: alipuliza lile tarumbeta kubwa la besi linalomviringa mtu mwilini. Mama, Mwislamu kutoka Arua, alishatangulia. Baba ni Mkatoliki, naye kila Idi bado anataka pilau kwa heshima ya marehemu. Masikio yake hayafanyi kazi tena. Kuzungumza naye ni lazima umkabili uso kwa uso, na ukigeuka kuchukua chumvi mazungumzo yamekatika. Sisi watoto tuliuona uziwi huo kuwa ni uzee tu, kama mvi.

Wiki ya kwanza nililala. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchoka masikio kama anavyochoka miguu. Niliweka vizibo vyangu vya sponji, na juu yake pamba, nikakaa dirishani. Kampala ya pamba masikioni ni mji mwingine. Bodaboda zinateleza barabarani bila ngurumo. Mama anayeuza roleksi, chapati za kukunjia mayai, kwenye kona anavunja mayai, anachapa unga, na vyote vinafanyika kimya, mikono tu. Harufu ya kahawa inayokaangwa upande wa viwandani huingia asubuhi, na kwa kuwa hakuna sauti ya kuigombania nafasi, inakaa chumbani mpaka saa nne. Makaloli, wale korongo wakubwa wenye vipara, hugombana juu ya paa la ghorofa ya pili, nami nawaona wakigongana midomo, sisikii lolote. Nilikuwa nasinzia na kuamka na kusinzia tena, na sikuweza kusema kwa hakika kipi ni kipi.

Katika kusinzia huko nilirudi Naguru, kambi ya polisi, nikiwa na miaka sita au saba. Bendi ilifanya mazoezi uwanjani asubuhi, na sisi wadogo hatukuruhusiwa kusogea. Jiko letu lilikuwa la mabati. Nilikuwa naweka shavu kwenye ukuta wake, na tarumbeta la baba linanijia kupitia mabati, zito, linatetemesha meno. Tarumbeta ndogo sikuzijali, filimbi ndiyo kabisa. Nilitaka ile iliyo chini ya zote, ile ambayo watu hawaitambui mpaka iache. Nadhani maisha yangu yaliamuliwa pale, na ukuta wa jiko.

Wiki ya pili nilianza kuchoshwa na usingizi, nikawa naenda kusikiliza muziki wa wengine. Daktari alikataza kelele, hakukataza kusimama mbali. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nje ya uzio, mara moja hata nyuma ya tangi la maji la hoteli. Mwanamuziki akiwa hana kazi anakuwa na maoni mengi, nami nilikuwa nayo tele na sina wa kubishana naye. Naona, kwa mfano, kwamba mpiga kinanda anayejipigia besi kwa mkono wa kushoto ni mwizi wa mchana. Naona kwamba sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, likianza kabla wimbo wenyewe haujasema shida yake, huo ni utovu wa adabu, ni mgeni kuomba chai kabla ya kusalimia. Naona nyimbo za siku hizi zinakwisha mtu hajamaliza kuvua koti. Na wapiga dramu! Mpiga dramu anayeinua kijiti juu ya kichwa chake kana kwamba anafukuza kuku, huyo ndiye anayeniudhi kuliko wote. Pigo halipati uzito kwa kuanguka kutoka mbali.

Hili la mwisho lilikuwa na mwenyewe. Mpiga dramu wetu ni kijana wa Bukavu, mpole, mwembamba, aliyekuja Kampala mkimbizi na begi moja. Miaka minne tulipiga pamoja na mkono wake ulikuwa wa unyenyekevu, haupandi zaidi ya bega. Halafu mwaka huu, ghafla, mbwembwe. Kila tunapokaribia kugeuza wimbo, kijiti juu! Kila tunapokaribia kusimama, kijiti juu! Nilimwambia mara tatu aache. Alikuwa anatabasamu tu, anasema, "Sawa, yaya," yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao, na wimbo ukifuata, kijiti juu.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuwa na hasira siku zile. Jumapili ya mwisho kabla ya kwenda kwa daktari, mwimbaji wetu alipiga ukelele wa kuingia sebene, ule ambao sisi sote tunaungoja, na mimi nilikuwa nimeinama natazama vidole vyangu. Sikuusikia. Bendi nzima ikaruka, mimi nikabaki kwenye ubeti, peke yangu, mapigo manane. Ni kosa la mtoto. Watu mezani walidhani ni mzaha, wakapiga makofi. Nilimlaumu mtu wa kinanda, na yeye, maskini, akaomba radhi.

Jumamosi ya wiki ya tatu nilikwenda Bwaise kwa fundi wangu wa spika. Alikuwa hajamaliza, akaniambia ningoje. Ng'ambo ya mtaro kulikuwa na baa yenye jukwaa la mbao, na juu yake watu wa karioki, wale ambao wimbo unatoka kwenye spika nao wanachezesha midomo. Kazi hiyo niliidharau maisha yangu yote. Nikaketi kwa kuwa kulikuwa na kivuli, nikakaza pamba zangu.

Alipanda mwanamke wa makamo, gauni la njano, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Wimbo ulikuwa wa Kiganda, wa zamani, wa mke anayemwambia mumewe aende salama na asirudi. Mimi ninausikia muziki kama mtu anayesikia ugomvi wa jirani: tumbo la maneno lipo, meno yake hayapo. Lakini yule mwanamke aliyatamka kwa uso mzima. Kila neno lilifika mdomoni likiwa limekamilika, na mikono yake ikililetea uzito wake. Nilijikuta naelewa yote. Nikafumba macho nusu, nikaanza kuyumba, kiganja changu kinapiga besi kwenye paja. Sikumbuki lini mara ya mwisho muziki uliniingia hivyo bila mimi kuufanyia kazi.

Ndipo nikaona watu wanageuka kutazama spika. Balbu ya kaunta ilikuwa imezimika. Umeme ulikuwa umekatika, sijui tangu lini, labda ubeti mzima nyuma. Mwanamke wa njano hakuacha, aliendelea na midomo yake katika kimya, na wateja walianza kumwimbia taratibu, kwanza meza moja, kisha zote, mpaka wakamfikisha mwisho. Katika baa ile yote, aliyekuwa bado anacheza wakati muziki haupo nilikuwa mimi.

Jirani yangu wa meza alinitazama, akatabasamu. "Wewe, nnyabo, unapenda sana hii wimbo."

Nikamwambia ndiyo. Nilirudi kwa fundi, nikajifunika uso na leso nikalia, kwa furaha ya ule wimbo na kwa hofu, vyote pamoja. Kama siwezi kujua muziki umekwisha, nitawezaje kujua umeanza?

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho wiki ya nne. Nilikuwa jikoni napika matoke. Niliporudi sebuleni nilimkuta mpiga dramu wetu amesimama katikati ya chumba na mkate, paketi ya sukari na maziwa, amevaa shati la kanisani. Amekuja kumjulia hali mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango, akamkaribisha, na sasa alikuwa anamwonyesha jinsi anavyoinua kiti kwa mkono mmoja.

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuwahi kuliona likitimia upesi hivyo.

"Mzee, ulipona?" aliuliza kijana, macho kwangu.

Baba alimsoma midomo. "Mimi nagonjwa? Nani nasema mimi nagonjwa?"

Kijana akaweka mkate mezani kwa adabu, akanywa chai, akazungumza na baba habari za Bukavu na baridi yake, akamtazama usoni kila alipozungumza naye, jambo ambalo wageni wengi hulisahau. Hakuniuliza swali hata moja. Alipoondoka alisema tu, "Yaya, Jumapili wiki mbili zijazo tutakungoja. Kuya na mzee." Nilitamani anigombeze.

Baba alingoja mlango ufungwe. Akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akaninyooshea kidole masikioni, kwenye pamba. Nikamwambia yote, polepole, kwa midomo. Kitufe, milio sita, sharti la daktari. Nilifikiri atanihurumia.

"Mimi masikio ilikufa miaka sita mbele ya pensheni," akasema.

Nikamwambia arudie.

Akarudia. Miaka sita alisimama kwenye gwaride na tarumbeta lake akiwa hasikii zaidi ya ngurumo tumboni. Ngoma kubwa ilipigwa na rafiki yake, mtu wa kwao kaskazini, aliyejiandikisha naye polisi siku moja. Baba alijifunza kumtazama. Kirungu cha ngoma kikipanda hivi, tunaanza. Kikipanda na kukaa, tunasimama. Kikipanda upande, tunageuza. Na yule rafiki, ambaye zamani alikuwa anapiga kwa kifundo cha mkono tu, alianza kuinua kirungu mpaka juu ya kofia. Mkuu wa bendi alimkemea kwa majivuno. Hakuacha. Wapigapicha walimpenda.

"Ulimwambia kwamba husikii?"

"Mimi naogopa. Wakijua, wananitoa, na nyinyi yote bado iko shule."

"Yeye alijua?"

"Mimi sikuuliza." Akasugua magoti yake. "Akikufa, mimi naenda kwa mazishi. Bendi ikapiga. Ile kijana mupya ya ngoma nainua mukono chini-chini, namna kawaida. Mimi nasimama pale, sijui wimbo iko wapi. Siku ile ndiyo nikajua yeye alijua."

Nilimshika mikono. Alikuwa hajawahi kumwambia mama, wala padri. Kisha akasema matoke yanaungua, na kweli yalikuwa yanaungua, yeye ndiye aliyesikia harufu kwanza.

Wiki ya sita daktari alinipima tena. Safari hii sikuhesabu. Nilibonyeza niliposikia, na pale nisiposikia nilikaa na kitufe changu mkononi. Ubovu ulikuwa umetulia. Akanikumbusha sharti.

Jumapili ile nilimvalisha baba koti lake la nishani na kofia, tukashuka kwa miguu, maana mkahawa si mbali. Tulifika mapema. Mvua ilikuwa imepita na viti vya bustani vilikuwa vinafutwa. Mpiga dramu alikuwa peke yake jukwaani, amechuchumaa, anakaza skrubu za ngoma. Nilimketisha baba mbele. Nilikuwa nimepanga kuanza na kiongozi, lakini aliyekuwepo ni huyu, na nilijua nikingoja nitaghairi.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Baba hakuumwa. Ni masikio yangu. Sauti za juu sizisikii tena. Ukelele wa mwimbaji siusikii, na matoazi yako siyasikii."

Aliendelea kukaza skrubu. Nikadhani hakunisikia, nikaona kichekesho chake. Kisha akainua uso, akautazama wangu sawasawa, kama alivyokuwa akimtazama baba.

"Yaya, minajua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile arusi ya Naguru, mwanzo wa mwaka. Nilihesabu moya, mbili, tatu, weye ukaingia nyuma. Weye haujawahi kuingia nyuma." Akaokota kijiti, akakiinua juu ya kichwa, akakishusha. "Unazani niko nainua hii juu ya nini?"

Nilikumbuka kila neno nililomwambia. Mbwembwe. Kufukuza kuku. Mara tatu, mara moja mbele ya bendi nzima.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeona haya, ungeacha. Nikasema, akasirike, lakini apige."

Kiongozi alipofika nilimwambia na yeye, palepale, kabla sijapoa. Alikuna kidevu. Aliuliza kama besi ikihamia upande wa dramu waya utafika. Ulifika. Kumbe wiki zote zile nilikuwa naogopa mita mbili za waya.

Tulipiga mpaka jua likaingia nyuma ya ghorofa. Nilikuwa na vizibo vyangu, na muziki ulinijia kupitia mbao za jukwaa, nyayoni, kisha magotini, kama kwenye ule ukuta wa mabati. Sikuinama kutazama vidole. Nilimtazama yeye, na kila palipokuwa na kona, kijiti kilipanda kikaningoja. Niliingia sebene pamoja na wote. Baba hakunitazama mimi hata mara moja. Alikuwa amekaza macho kwenye mkono ule ule, kofia gotini, na kidole chake kilianza na kusimama pamoja nasi.

Mwisho wake alivaa kofia, akapanda jukwaani akishikilia spika, akaenda mpaka kwenye dramu, akasimama wima kama kwenye gwaride.

"Asante," akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Meza zikageuka. Akainua mkono wake mwenyewe juu, mpaka juu ya kofia, kama mwenye kirungu, akaushusha. "Asante sana. Mimi nachelewa kusema."

Kijana alisimama, akampokea mikono yote miwili. "Ni muziki tu, mzee," akamjibu. "Karibu tena."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti nakunja waya wangu, na sikumsahihisha kijana.